Kamba Iliyotanguliza Tumbo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepigiwa simu na kamba.

Ilikuwa ile kamba ya kuvulia samaki tuliyomaliza kuitengeneza Ijumaa. Ilisema iko ziwani, imekwama njiani, nije niione. Nikavaa koti la kazi nikaenda, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Karakana yetu iko Nanyuki. Akina mama hufunga inzi wa manyoya, chambo cha kuvulia samaki aina ya trauti, nami niliyetoka chuo kikuu majuzi hutengeneza kamba za kuzama: uzi uliovikwa plastiki iliyochanganywa na unga wa tangsteni, metali nzito kuliko risasi. Mnunuzi anataka inzi na kamba pamoja, la sivyo anaacha vyote. Asubuhi ya leo mwenye karakana, Bwana Kirimi, alikuwa apande nayo ziwani mlimani kuijaribu mara ya mwisho. Ikishindwa, anafunga karakana. Mama Kendi, mkubwa wa wafungaji, alikuwa ameniuliza kama aanze kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua. Nilimwambia asubiri. Sikuwa na sababu ya kumwambia hivyo, ila sikutaka aende.

Basi naingia ziwani kwa mlango. Maji yana ngazi kama jengo la ghorofa. Ghorofa ya juu ina jua na watu wanakunywa soda. Kila ninavyoshuka baridi inazidi. Mlinzi wa ghorofa ya kati anadai kitambulisho, nampa cheti changu cha digrii. Anakisoma chote, ananirudishia, anasema kimelowa.

Ghorofa ya chini kabisa ni jikoni kwa nyanya yangu, ila moto umezimwa. Kwenye kigoda amekaa trauti mmoja mkubwa, wa kike, amejifunga leso.

"Wewe ndiye msichana wa kamba?" ananiuliza.

Nasema ni mimi, naitwa Gakii. Ananiambia niketi, halafu ananionyesha dirisha. Nje inapita kamba yetu. Sehemu nene ya katikati, ile tunayoiita tumbo, imefika chini na inaburuta matope. Ncha yake nyembamba bado iko juu, karibu na dari, na mwishoni mwake ananing'inia inzi aliyefungwa na Mama Kendi.

Trauti anaeleza malalamiko yake bila haraka. Amekaa hapa muda mrefu akisubiri chakula. Kila siku anaona tumbo la kamba likipita mlangoni, na inzi akipita juu ya paa kama ndege ya watalii. Mara moja alijihimu akapanda, akamshika, akamtafuna, akamtema. Juu hakuna aliyehisi lolote, maana kamba ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kabla mvutano haujafika mkononi mwa mtu ilibidi kwanza uzunguke tumbo lote.

"Bwana wenu alikuwa anakula mkate," anasema. "Nilimwona."

Inzi anatuita kutoka darini. Anasema aliahidiwa atafika chini, na amevaa kwa ajili hiyo. Kweli amependeza. Namwambia ninalishughulikia.

Kutoka juu tunasikia sauti ya Bwana Kirimi akihesabu. Ndivyo tunavyofanya: ukirusha kamba unahesabu polepole inapozama, kisha unaanza kuvuta. Lakini hapa namba zenyewe zinaanguka. Saba inadumbukia kwenye chungu. Nane inatua kwenye rafu ya vikombe. Trauti anazipanga ukutani kwa mpangilio. Ananiambia Bwana Kirimi amesema akifika thelathini anavuta, na kama hakuna kitu anashuka mlimani kufunga mlango.

"Ingia ndani uone wamekaaje," ananiambia.

Nafungua kamba kama zipu. Ndani ni kanisa.

Ni kanisa refu, pana katikati na jembamba kuelekea mbele. Chembe za tangsteni wamekaa kwenye mabenchi, watu wadogo wa kijivu, wazito, wamevaa suti. Katikati wamejaa hadi mabenchi yanalia. Mbele kwenye wembamba wamekaa wawili watatu, wanatetemeka.

Nagundua nimevaa utepe wa mhudumu. Nawaomba wasogee mbele. Hakuna anayeinuka. Mmoja anasema mbele ni baridi. Mwingine anasema mbele mtu akisinzia anaonekana. Wa tatu anadai kikapu cha sadaka huanzia mbele, na yeye amekuja mikono mitupu.

"Na ni wewe uliyetugawa," anasema mzee mmoja wa benchi la nyuma. "Ulisema kila mahali kiasi kimoja. Ulisema ndiyo haki."

Ni kweli nilisema. Nilipochanganya plastiki ile niliona ni vyema sehemu yoyote isipewe zaidi ya nyingine. Namwambia mzee kwamba pale pembamba maji yanaibeba kamba kwa urahisi, kwa hiyo wanaokaa pale wanahitaji wenzao zaidi, wabanane, ndipo wateremke sawa na wale wa tumboni. Anasema hiyo ni hotuba nzuri. Haondoki.

Ishirini na tano inaanguka na kutoboa paa.

"Mbele kuna inzi wa Mama Kendi," nasema. "Ananing'inia peke yake."

Chembe mmoja anageuka.

"Mama Kendi yupi? Yule anayeimba akifunga?"

"Ndiye."

"Sisi tulikuwa kwenye kopo, rafu ya juu yake," anasema. "Mwaka mzima."

Anainuka. Benchi lake lote linainuka. Wanapita kwenye njia ya katikati wakiombana radhi, wamebeba Biblia na watoto, wanabanana kwenye wembamba mpaka magoti yanagusana. Sakafu inainamia mbele. Kanisa zima linaanza kuteremka, taratibu, limenyooka kama rula.

Niko jikoni tena. Inzi anaingia kwa mlango, si kwa paa, na anabisha hodi. Trauti anafungua leso, anaikunja, anaiweka juu ya kigoda. Thelathini inatua miguuni pake. Anamng'ata inzi bila chuki, na mimi nahisi kwenye kidole changu, palepale, kama mtu amenigusa aniulize jambo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda karakana nikamkuta Bwana Kirimi anapakia gari na Mama Kendi anafagia, haimbi. Sikusimulia chochote. Niliomba tu nikate vipande viwili vidogo vya kamba, kimoja cha tumbo na kimoja cha ncha. Mama Kendi akaleta chupa kubwa ya achari aliyokwisha kuiosha, tukaijaza maji. Ijumaa tulipojaribu vivyo hivyo, cha tumbo kilikuwa kimetangulia mbali.

Nikaviachia pamoja. Vikashuka bega kwa bega, vikatua pamoja.

"Rudia," alisema Bwana Kirimi.

Nikarudia. Akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani amegusa mchanganyiko. Nikamwambia kopo la tangsteni halijafunguliwa tangu Ijumaa, na ndivyo ilivyo. Mama Kendi alikuwa ameinamia chupa, pua karibu iguse kioo.

"Mama Kendi," alisema Bwana Kirimi, "acha huo ufagio. Lete sweta, unapanda ziwani na sisi."