Namba Kumi na Saba, Shanga za Mkunga

1.
Mama Shemboza, jirani wa nyumba ya pili, anasema aliona kwa macho yake: Bibi Mashavu aliziuza shanga zake mwenyewe, akapewa doti ya kanga na sukari kilo mbili.

"Sasa analia nini? Si mlango kaufungua mwenyewe."

Kanga ilikuja, kweli. Sukari ilikuja, kweli. Lakini Mwanakheri, mjukuu, alikuwepo siku ile, akawasikia wale watu wa chama cha historia wakisema

*tunaazima, Bibi. Wiki moja tu.*

Huu mwezi wa nane tangu siku ile.

2.
Jinsi zinavyosomwa, kwa asiyejua:

ushanga wa mviringo, mtoto wa kike
ushanga mrefu, wa kiume
mbegu, aliyezaliwa kimya

Bibi kazalisha kijiji miaka arobaini na mmoja. Kalamu haijui. Macho yamekwisha, akawa anasoma kwa kidole gumba: wewe ulimfuata fulani, mwaka wa viwavi. Tangu zichukuliwe, anapapasa pindo la shuka.

Anapapasa, anafika mwisho, anaanza tena.

3.
TANGAZO
CHAMA CHA KUHIFADHI HISTORIA ZA KOO kinawakaribisha waheshimiwa kwenye mnada wa hisani. Mapato yatanunua kompyuta za kutunzia kumbukumbu za wazee wetu. Viburudisho vitakuwepo.

*Na. 17. Mkufu wa kienyeji. Msanii hajulikani.*

4.
Hajulikani.

5.
Mwanakheri akaomba kazi ya kugawa chai ukumbini. Akamvizia Katibu wa chama mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Katibu. Namba kumi na saba ni ya bibi yangu. Mliazima."

"Marahaba. Una karatasi?"

"Ile ndiyo karatasi."

Katibu akatabasamu, kama mtu anayemtoa mbuzi shambani bila fimbo. "Binti, sisi ni watu wa historia. Bila maandishi hatuwezi tu kum—"

Simu yake ikaita.

6.
(mezani, chai ikimiminwa)

— Babu yangu mimi alikuwa chifu.
— Kila babu humu alikuwa chifu. Nani alikuwa analima?
— Nipitishie hiyo namba kumi na saba niione.
— Futa mikono kwanza, bwana.

Hakufuta. Mafuta ya sambusa yakapita juu ya watoto wa kijiji kizima, mmoja mmoja, yakang'aa.

7.
Mara ya kwanza.

Mara ya pili.

Wewe unayesoma, ulizaliwa baada ya nani? Nani amekushikia hilo?

Nyundo.

Makofi.

8.
Aliyenunua ni Mlezi wa chama, mama mnene mwenye sauti ya asali. Akauvaa mkufu palepale. Ukamfika magotini.

"Mrefu mno. Tuukate uwe miwili, mmoja nimpe mkwe wangu. Na hizi mbegu zitoke, zinachafua."

Mbegu ya tatu kutoka kwenye fundo ni kaka yake Mwanakheri. Hana jina, hana kaburi linalojulikana. Ana mbegu.

Mkasi ulikuwa mezani. Mwanakheri aliuona kabla ya wote, akaufunika kwa sinia la chai, akasimama mbele ya sinia, mikono nyuma.

"Binti, hebu nipe mkasi."

Watu wakageuka.

"Binti. Nakuomba mkasi."