Nafasi Mbele ya Mstari

"Mwalimu, usinizungushe! Tuzo ya uongozi ni ya shule nzima au ya darasa la saba peke yao? Mtoto mpaka aote ndevu ndiyo aonekane kiongozi?"

Mama fundi cherehani alifoka mlangoni kwake, na majirani wakatoa vichwa madirishani kama kobe.

"Jirani, ndio utaratibu wetu," akajitetea mwalimu mkuu. "Wadogo wanasubiri zamu yao."

"Hata mwanangu ulimwambia hivyohivyo. Akasubiri."

Binti huyo wa mama, akiwa darasa la nne, ndiye aliyekuwa akiwavusha wadogo barabara, hadi homa ilipomchukua mwaka jana. Tangu hapo wadogo hupanga mstari na kuacha nafasi mbele, upana wa mtoto mmoja. Hakuna aliyewafundisha. Wakifika barabarani hutulia, huitazama ile nafasi kama wanaosikiliza, kisha huvuka kwa pamoja. Mwalimu huliona hilo kila asubuhi.

"Safari hii namwombea tuzo rafiki wa mwanangu," mama akasema, sauti imeshuka. "Yule anayesimama nyuma ya nafasi."

"Yuko darasa la tano tu."

"Mwalimu!"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Haya. Kuanzia mwaka huu kila darasa litapendekeza kiongozi wake."

Mama akaufungua mlango wote. Mezani palikuwa na sahani mbili, naye aliishi peke yake.

"Karibu ule, Mwalimu. Kaa kiti hicho. Mwenyewe hatakasirika."