Watoto Hewa Kumi na Tisa

"Huyu simwoni," alisema Bibi Mizani, akaigonga tableti kwa ukucha kama anayebisha hodi kwa mtu anayejifanya hayupo.

"Humwoni vipi na nimembeba?" aliuliza mama wa watoto. Alikuwa na mmoja mgongoni na mwingine kifuani, yeye katikati kama kitabu kati ya majalada.

"Wa mgongoni ninaye. Wa kifuani hayumo."

"Wiki mbili zilizopita alikuwamo. Nimewazaa siku moja, bibi, huyu sikumwokota njiani."

Bibi Mizani alikuwa amewapima watoto wa shirika lile la lishe miaka ishirini na miwili, jina lake halisi likasahaulika humo humo. Alijua kumvisha mtoto ile kaptura ya kamba na kumning'iniza kabla hajakumbuka kulia. Huyu wa kifuani alimzungushia utepe wa kupimia unene wa mkono, ukasoma nyekundu. Nyekundu maana yake kopo la maziwa leo, si kesho. Lakini tangu mashine hiyo ya tableti ije, stoo haikutoa kopo bila tiki ya mashine.

Akajaribu ujanja. Akawapakia wote wawili kwenye mizani kwa mpigo mmoja. Tableti ikafikiri, ikafikiri, ikaandika: mtoto amezidi uzito, aondolewe kwenye mpango.

"Haya, sasa na yule mwingine tunampoteza," alisema mama yao.

Bibi Mizani akafuta upesi, jasho likimtoka hata nyuma ya masikio. Alipoinua macho, benchi lilikuwa limejaa. Kina mama kumi na mmoja, kila mmoja na wawili wake, na katika kila wawili mmoja hayumo.

Akaenda kumtafuta Mshauri. Huyo alikuwa kijana aliyeletwa kulinyoosha shirika kwa mitambo, viatu vya ngozi bila soksi, naye alishauri kila kitu, hata mahali pa kuweka mtungi wa maji. Alimkuta koridoni akinong'ona na ukuta, anajizoeza maneno ya kuwaambia wafadhili.

"Mama, mfumo nimeusafisha," alisema bila kugeuka. "Kulikuwa na watoto wamejirudia. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, ukoo mmoja. Mtu anaandikisha mara mbili apate makopo mawili. Nimefuta kumi na tisa. Watoto hewa."

"Mwanangu, kwenu hakuna aliyewahi kuzaa pacha?"

Mshauri akageuka. Bibi Mizani aliliona jambo likimpanda taratibu, kama maji kwenye zile soksi ambazo hakuvaa.

"Tutalirekebisha robo ijayo," akasema.

"Robo ya nini?"

"Ya mwaka. Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, mama. Hiyo namba ndiyo iliyowafurahisha. Nikiirudisha leo, nitaonekana nini?"

"Mtoto ana mkono mwembamba kama hiyo kalamu yako, nawe unauliza utaonekana nini."

"Tusipandishane presha. Weka sahihi kwenye fomu ya waliofutwa, basi. Mfumo hauongopi."

"Kweli hauongopi. Umefundishwa tu vibaya na mwenye viatu."

Akaipokea fomu. Miaka yote hiyo aliweka sahihi popote alipoonyeshwa kidole, hata kwenye karatasi za semina ambazo chai yake hakuinywa. Lakini hii ilimtaka aseme, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mtoto aliyemshika asubuhi hakuzaliwa. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika, kisha akamrudishia.

Ukumbini wafadhili watatu walikuwa wamekaa na Mkurugenzi, mapazia yamefungwa, projekta inaunguruma. Mshauri alikuwa amefika kwenye namba yenyewe, 19, imeandikwa kubwa kama mlango, mlango wa kweli ulipofunguliwa bila hodi.

"Samahani, Bosi," alisema Bibi Mizani. "Wale watoto hewa wamefika. Ni kumi na mmoja tu. Wanane wako mbali, watusamehe."

"Bibi, si sasa," alisema Mkurugenzi.

"Piteni, kina mama. Mwenye wawili akae mbele."

Wakapita wote mbele. Mtoto mmoja akalia, wa pili akamsaidia, na kabla watu hawajapata viti ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa zamu. Mfadhili mmoja alivua miwani.

"Hawa wote ni pacha?" aliuliza.

Mkurugenzi akamtazama Mshauri. Mshauri akatazama kompyuta yake, akabonyeza kitu, hakikubonyezeka.

Yule mama wa kwanza alikuwa bado anatafuta pa kukaa. Akapita mbele ya projekta, akasimama, mwanga ukampiga kifuani. Mtoto wa kifuani akageuka, akaunyooshea mkono. Ukutani kivuli cha mkono ule kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima, vidole vikafunguka juu ya namba, vikafumba, vikafunguka tena.