Mabwege na Mkono wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kufuga mbu. Nalisema mapema ili tusisumbuane baadaye. Kuna wafugaji wa kuku, wa nyuki na wa samaki, halafu kuna mimi. Mtaani kwetu habari hii ilipokelewa vibaya. Nyumbani kwangu ilipokelewa vibaya zaidi, kwa sababu nyumbani kwangu yupo mama mkwe.

Chumba cha mbu kiko nyuma ya maabara, kwenye kituo cha utafiti wa malaria. Kina joto na unyevu wa makusudi, blauzi inakuganda mgongoni kabla hujafunga mlango. Upande mmoja kuna trei nyeupe zenye maji ya kina cha vidole viwili, na ndani yake viluwiluwi wanajipinda siku nzima kama watu wasiopata usingizi. Hao nawanyunyizia chakula cha samaki kilichosagwa. Upande wa pili kuna vizimba saba, fremu za chuma zilizovalishwa wavu, na kila kizimba kina mfuko wa kitambaa wa kupitishia mkono. Madume hawana makuu, wanafyonza maji ya sukari kwenye pamba wanaridhika. Majike wanataka damu, la sivyo hawatagi. Kwa hiyo siku za kulisha nakunja mkono wa koti hadi juu ya kiwiko, naupitisha mkono wangu kizimbani, natulia dakika kumi.

Msinihurumie. Mbu hawa hawajawahi kumuuma mgonjwa, wao wala mama zao wala bibi zao, kwa hiyo hawana malaria ya kumpa mtu. Wanachoniachia ni muwasho, na muwasho nimeuzoea. Wakishataga, karatasi yenye mayai inaandikwa tarehe pamoja na jina la mwenye mkono. Ndiyo desturi ya chumba kile. Kizazi kikitoka dhaifu, tujue kilitokana na damu ya nani.

Tunawaita Mabwege. Mbu wa huko nje siku hizi wamekuwa sugu, wanatua kwenye chandarua chenye dawa, wanapumzika, wanaondoka na safari zao. Mabwege wamefungiwa humu miaka ishirini, mtoto kwa mjukuu, bila kuonja dawa ya aina yoyote. Waguse tu na uzi wa chandarua, wamekwisha. Ubwege huo ndio thamani yao. Chandarua kipya kikija kupimwa na mbu wa nje wasife, utajuaje mwenye kosa ni nani, chandarua au mbu? Unawaleta Mabwege. Wakifa, chandarua kiko sawa, mbu wa nje ndio waliokomaa. Wasipokufa, kirudishwe kwa aliyekitengeneza. Bila Mabwege tunabahatisha tu, na chini ya chandarua cha kubahatisha analazwa mtoto wa mtu.

Mama mkwe mtaani anaitwa Mama Fundi, kwa sababu mwanawe, yaani mume wangu, ni fundi umeme. Tunaishi naye mwaka wa sita sasa. Ni mtu wa taratibu, hapandishi sauti, lakini mbu akipita karibu yake hajui kilichompata. Anamuua kwa kiganja, kwa kandambili, kwa mwiko, huku anaendelea na mazungumzo yake. Kabla ya mume wangu alizaa binti, na binti huyo alichukuliwa na malaria akiwa na miaka minne. Hayo ndiyo yote niliyoyajua. Mume wangu alizaliwa baadaye, hakuwahi hata kuambiwa jina la dada yake. Mama hasemi, na sisi hatuulizi.

Ungedhani mtu kama huyo angenichukia. Wala. Kila jioni nikirudi ananiita nikae karibu naye kwenye mkeka, anaugeuza mkono wangu huku na huku, anahesabu alama.

"Leo arobaini na mbili," anasema. "Hivi umeolewa na mwanangu au umeolewa na hao?"

"Na wote, Mama. Ila hao hawaachi soksi sebuleni."

Anacheka, halafu anazipuliza zile alama kwa mdomo, kwa sababu nilishamwambia siruhusiwi kupaka mafuta wala dawa. Nilikuwa napenda sana dakika hizo, na sikuwahi kumwambia.

Sasa nikubali kosa langu. Koti la kazi haliondoki kituoni. Sheria hiyo imebandikwa mlangoni, na aliyeibandika ni mimi. Lakini wiki ile maji yalikatika kituoni siku nne, koti likawa halitazamiki, nami nikalitia kwenye mfuko nikaenda nalo nyumbani. Jumamosi nikalifua kwa sabuni ya mche, nikalianika, nikatoka kwenda sokoni. Jumapili nikalikuta limekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Nikashukuru moyoni kwamba nina mama mkwe asiyekaa bure.

Jumatatu nikalivaa, nikaingia kazini. Nikapitia trei moja moja, nikiinama kunyonya uchafu kwa bomba, na ncha za mikono ya koti zikigusa maji kama kawaida yake. Nikalisha kizimba cha kwanza hadi cha sita. Nilipotaka kwenda cha saba, Daktari, mkuu wetu wa utafiti, akaniita ofisini kwake. Tuliongea kama nusu saa.

Niliporudi nilijua kabla sijawasha taa. Chumba kile kina mvumo wake, mdogo, unaousahau kwa sababu haukomi. Ulikuwa umekoma. Vizimba sita, Mabwege wamelala chali sakafuni mwa wavu, wengine bado wanachezesha miguu. Kwenye trei viluwiluwi wamenyooka. Nilikaa chini nikalia. Lieni nanyi kama mmewahi kufuga kitu miaka kumi na moja.

Daktari ni mwanamke mfupi, na akikasirika anaongea polepole zaidi.

"Mama Mbu," akasema, "tangu asubuhi umegusa nini?"

Nikamtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamia mkono wa koti langu akanusa. Akachukua mkasi, akakata kipande cha pindo, akakitia kwenye kikombe pamoja na mbu watano kutoka kizimba cha saba. Tukakaa tukitazama. Hata robo saa haikufika, wote watano walikuwa chini.

"Hili koti lako," akasema Daktari, "ni chandarua kizuri sana."

Kizimba cha saba ndicho kilichobaki, kwa sababu tu aliniita kabla sijakifikia. Tulihesabu: majike thelathini na moja, madume ishirini na saba. Miaka ishirini imebaki kwenye sanduku moja, na majike wale walikuwa na njaa. Wasipolishwa ndani ya siku mbili wangekufa bila kutaga, na kupata mbegu nyingine kutoka kituo cha mbali ni vibali vya miezi minane. Vyandarua vipya vilikuwa vinakuja kupimwa baada ya miezi miwili.

Mkono wangu haukufaa tena, nilikuwa nimeshinda na dawa mwilini. Mikono mingine miwili kwenye daftari la walishaji ilikuwa hivi. Mlinzi alikuwa likizo kwao, umbali wa safari ya siku mbili. Mwenzetu tunayemwita Mrefu alikuwa amejitolea kwenye utafiti mwingine, anameza vidonge vinavyofanya damu ya mtu iue mbu anayemuuma. Mwezi ule Mrefu mwenyewe alikuwa sumu. Daktari akiumwa na mbu anavimba mpaka kwapani. Ile mashine ya kuwawekea damu ya moto chini ya utando, Mabwege tuliwajaribia mara mbili huko nyuma, wakaitazama tu. Wamezoeshwa ngozi ya mtu. Na tangazo la kutafuta mtu mwingine, nani angelikubali kwa siku moja?

Nikarudi nyumbani nimelibeba koti kwenye mfuko uliofungwa. Mama alikuwa anachagua mchele.

"Mama, hili koti ulilifanya nini?"

Niliuliza kwa adabu, ila ile adabu inayouma kuliko tusi. Akaweka ungo chini.

"Nililichovya. Nilikuwa nachovya vyandarua, maji ya dawa yakabaki. Nikasema nilitie na koti lako, wakikusogelea wafe wao." Akanitazama. "Kwani limeharibika?"

"Halijaharibika, Mama. Limefanya kazi. Wamekufa wote."

Nikamweleza, na nilipokuwa naeleza hasira ilinipanda, nikasema maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Nikasema kama angeniuliza tu. Nikasema watoto wa watu watalala chini ya vyandarua ambavyo hakuna anayejua kama vinafaa, na yeye ndiye sababu. Hilo la mwisho lilipotoka nilitamani kulirudisha mdomoni.

Mama akapangusa vumbi la mchele viganjani.

"Mimi niliona mikono yako," akasema. "Mtoto akiumwa na mbu mbele ya macho yangu nikae tu? Mara moja nilikaa." Akaokota ungo wake, akaingia nao chumbani, mchele na vyote.

Sikulala vizuri, hilo halina haja ya kuelezwa. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mlangoni amevaa gauni lake la kutokea, mikono mifupi. Kichwa amefunga kitambaa. Hanukii kitu, yeye ambaye hatoki bila kujipaka mafuta.

"Nimeoga maji matupu," akasema. "Twende."

"Twende wapi, Mama?"

"Kwa hao mabwege wako. Damu si ndiyo wanayotaka? Mimi vidonge vyovyote simezi, na maji ya dawa nilichovya kwa kijiti, sikuyashika."

Nikamwambia haiwezekani, kuna fomu, kuna vipimo, kuna Daktari. Akaniambia basi tuwahi, kabla foleni haijawa ndefu. Njia nzima nilitafuta namna ya kuomba radhi nikaishia kusema jua leo kali. Akakubali kwamba ni kali.

Daktari alimwekea kiti. Alimsomea fomu yote, mstari kwa mstari, akamwambia anaweza kukataa sasa au mkono ukiwa ndani. Alimtoboa kidole, tone likawekwa kwenye kipimo, tukasubiri dakika zetu.

"Mstari mmoja," akasema Daktari. "Huna malaria, Mama."

"Ilishaingia nyumbani kwangu zamani," akasema Mama. "Haikunichukua mimi."

Tukaingia chumba cha joto, mimi nimevaa koti la Mrefu linalonifika vifundoni. Nikamfungulia mfuko wa kizimba cha saba. Akapitisha mkono taratibu, mkono wenye mishipa, wenye kovu la kuunguzwa na chungu karibu na kiwiko. Mabwege wakasita, halafu yule wa kwanza akatua. Hapo hapo mkono wake wa pili ukanyanyuka wenyewe, kiganja wazi, mazoea ya miaka yote. Nikaudaka hewani nikaushika.

"Samahani," akasema.

"Samahani mimi, Mama. Kwa ya jana."

"Ya jana tumeyaacha nyumbani."

Dakika kumi nilimshika mkono ule. Alikuwa anawatazama wakijaa, matumbo yanageuka mekundu, na midomo yake ikicheza. Nilidhani anasali. Nikasogea nikasikia anawahesabu, kama anavyohesabu alama zangu jioni.

"Wametua ishirini na tisa," akasema. "Wawili wanaringa."

Hao wawili walikuja mwishoni, nao wakashiba.

Siku ya tatu walitaga. Mayai ya mbu ni madogo, ukiyaona kwenye karatasi yenye maji utadhani mtu amepangusa mkaa. Mama alikuwa amenifuata tena kituoni, eti kunisindikiza. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe pembeni mwa karatasi, na kwenye nafasi ya jina la mkono nikaanza kuandika Mama.

"Mama Fundi," nikasema huku naandika.

"Hapana."

Nikainua kalamu.

"Anayeniita hivyo ni mtaa. Mimi nilikuwa na jina kabla yake." Alikuwa anaitazama karatasi, hanitazami mimi. "Andika Mama Kadogo. Tulimwita Kadogo. Alikuwa na vidole virefu huyo, ila tulimwita Kadogo."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mbaya siku zote, lakini hilo niliandika vizuri.

Jioni mume wangu alipomaliza kula nikamwambia jina la dada yake. Akatazama mlango wa chumba cha mama yake, akainuka, akaenda kubisha. Mimi nikabaki naosha vyombo polepole, nikiwasikia wanaongea humo ndani muda mrefu.

Kutokana na karatasi ile vizimba saba vilijaa tena, mvumo ukarudi. Vyandarua vipya vilifika baada ya miezi miwili. Nikatoa Mabwege hamsini, wajukuu na vitukuu vya mkono wa Mama, nikawakutanisha na wavu dakika tatu kama utaratibu unavyotaka, nikawahesabu baada ya saa moja na tena siku ya pili yake. Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa kwenye mkeka, akaudaka mkono wangu kabla sijakaa vizuri.

"Wamekufa?" akauliza.

"Wote hamsini, Mama. Chandarua ni kizima."

Akashusha pumzi. Akaanza kuhesabu alama zangu, akafika kumi na nne, akasimama.

"Na waliobaki," akasema, "wamekula leo?"