Udi Katika Mji wa Zabibu

Msinambie mie habari za Wajerumani. Nimekaa nao arubaini nzima. Mwaka elfu mbili na mbili mwanangu Raghad alijifungua huko, katika mji mdogo kando ya mto Mosel, maana mumewe Yaarub alikuwa daktari hospitali ya jirani. Nikafunga safari kutoka kwetu Nizwa, Omani, na samli yangu, bizari, udi na chetezo cha kufukizia, nikamlee mzazi.

Mji mzuri, siwezi kusema uwongo. Mto umetulia, na vilima vya pande zote mbili vimepandwa mizabibu mpaka juu, ngazi kwa ngazi kama mashamba ya mlimani kwetu, Jabal Akhdhar. Lakini kimya! Milango imefungwa, hakuna hodi, hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja mwenye shamba la mizabibu, Gerlinde. Akituona huinamisha kichwa, basi. Nikimkanda mwanangu kwa maji ya moto huku roho inaniuma. Yaarub hushinda hospitali. Arubaini ikisha mie narudi. Raghad akizidiwa, nani atajua?

"Mama, nawe! Watu wa huku ndivyo walivyo," akasema Raghad.

"Watu gani wasiomjua jirani? Hebu nondokee!"

Ijumaa moja nikafukiza nguo za mtoto. Nikatia udi na ubani, na ubani ukanizidi mkono, nikafungua dirisha maana Raghad alianza kukohoa. Moshi ukatoka zake njiani. Mara nasikia king'ora kinalia mji mzima. Loh! Kutahamaki gari la zimamoto liko mlangoni, wanaume wanaruka na mpira wa maji, na mbele yao Gerlinde, aliyeuona moshi akawaita, na ndoo, anahema, kiatu mguu mmoja. Kule zimamoto ni watu wa mji wenyewe. Walikuwa shambani wanachuma, mikono yote inanata zabibu.

Nimesimama na chetezo mkononi, nimefedheheka mie! Raghad akawaeleza huku anacheka mpaka machozi, nao wakacheka. Basi ningewaacha wende hivi hivi? Nikawakalisha, nikawapa kahawa na halwa ya Nizwa. Mkubwa wao akatoa chupa ya mvinyo garini kunishukuru.

"Astaghfirullah! Mrejeshee kwa uzuri," nikamwambia Raghad.

Gerlinde alipoelezwa akenda mbio kwake, akarudi na kikapu cha zabibu. Tamu, wallahi.

Toka siku hiyo haikupita asubuhi bila ya yeye kuja kumbeba mtoto. Nilipoondoka nilimwachia ufunguo wa pili, nikamwambia kwa mdomo wa Raghad: "Kila Ijumaa mwanangu atafukiza. Ukiuona moshi, tulia, usiite mtu." Akaitika kwa kichwa.

Nikarudi Nizwa, moyo umetua kidogo, si wote. Wakati wa baridi Raghad akanipigia simu, sauti imemkauka. Homa ilikuwa imemwangusha kitandani, Yaarub yuko zamu, mtoto analia, naye hawezi hata kuinua kichwa. Adhuhuri akasikia ufunguo mlangoni. Gerlinde huyo, na sufuria ya supu.

"Alijuaje?" nikauliza.

"Ilikuwa Ijumaa, mama. Hakuona moshi."