Siku Chiriku Alipotulia

Mwalimu wa darasa la tatu alimwita mama yake Chiriku shuleni kwa mara nyingine, na safari hii alikuwa ameuweka mtihani wa hesabu mezani. Ukurasa wa kwanza, majibu yote sahihi. Wa pili, mweupe. Wa tatu ulikuwa na mchoro wa paka aliyevaa viatu.

"Unaona?" mwalimu alisema. "Akili anazo. Hataki tu. Ukimgeukia yuko dirishani, ukimgeukia tena anachonga penseli ambayo haina tena cha kuchongwa. Huyu anahitaji nidhamu ya nyumbani, mama."

Nidhamu ya nyumbani ilishajaribiwa ya kila aina: kukemea, kubembeleza, kumnyima katuni, na fimbo ya bibi. Hata jina la Chiriku alipewa na huyo bibi, mama yake baba, kwa sababu mtoto alianza kuongea kabla hajafumbua macho, na sentensi aliyoianzia chumbani aliimalizia uani, kama aliimalizia. Ukimtuma chumvi dukani alirudi na habari zote za mbwa wa jirani, chumvi hana.

Mama alikuwa fundi simu. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa ya kuinamia, kioo cha kukuzia, na skrubu ndogo kama chembe za sukari. Baada ya shule Chiriku alishinda naye pale, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Siku moja aliruka kumwonyesha mama mjusi ukutani, goti likaipiga meza, na simu iliyokuwa imefunguliwa ikamwagika sakafuni vipande vipande. Mwenye simu alikuwa amekaa papo hapo akisubiri. Alikuwa muuguzi. Aliinama akasaidia kuokota, huku akimtazama mtoto, ambaye alikuwa analia na wakati huohuo anauliza kwa nini mjusi haanguki.

"Umeshampeleka akaonwe?" muuguzi aliuliza.

"Haumwi."

"Sijasema anaumwa. Kuna watoto wanaotaka kutulia ila hawawezi, akili inawakimbia. Wapo madaktari wa mambo hayo. Mpeleke."

Neno hilo, hawawezi, lilimkaa mama kichwani siku nzima. Watu wote aliowajua walikuwa wanasema hataki.

Alianzia zahanati ya karibu. Daktari wa zamu alimsikiliza kwa sikio moja, akaandika dawa ya minyoo. Chiriku akanywa dawa ya minyoo, na kama kulikuwa na minyoo ilikufa, lakini sweta la shule lilipotea wiki hiyohiyo. Mama akarudi. Akaambiwa labda mtoto hasikii vizuri. Masikio yakapimwa, yakaonekana yanasikia mpaka mnong'ono wa chumba cha pili. Macho nayo mazima.

"Basi mwache, atakua," daktari alisema.

"Kukua atakua. Mimi nauliza atakua vipi," mama alisema. Walibishana mpaka daktari akachoka akamwandikia rufaa ya daktari wa akili katika hospitali kubwa.

Nyumbani ndiko moto ulikowaka.

"Daktari wa akili?" Mama mkwe aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. "Unataka mjukuu wangu aitwe mwendawazimu?"

"Si wazimu, mama."

"Samaki mkunje angali mbichi. Baba yake alikuwa hivyohivyo, hakai, haambiliki. Nikamnyoosha. Si huyu hapa, ana kazi yake, ana mke?"

Baba Chiriku, fundi rangi, alikuwa anajikwangua rangi kwenye kucha. Hakuinua uso. "Ni utoto tu," alisema. "Tusimtafutie mtoto jina ambalo hatutaweza kulifuta."

Mama aliona bora anyamaze. Ukigombana na mama mkwe na mume kwa pamoja, hata ukishinda umeshindwa.

Tarehe ya hospitali ilisogezwa, ikasogezwa tena. Ilipofika kweli, mama alifunga kibanda, akamsuka mtoto, akamvalisha viatu vilivyofanana, na njia nzima akamsisitizia jambo moja: "Kwa daktari ukae vizuri. Usiguse vitu vya watu. Usimkatize mtu mzima."

Chumbani kwa daktari kulikuwa na kiunzi cha mifupa cha plastiki, kimesimama pembeni kwenye mti wa chuma. Chiriku alikiona, akakaa kwenye kiti kilichokikabili, mikono chini ya mapaja, akaanza kuhesabu mbavu kimoyomoyo. Mama alieleza yote: mtihani, sweta, chumvi, simu za wateja, usingizi unaogoma kuja. Daktari, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa anamtazama mtoto.

"Mbona ametulia?" aliuliza.

"Ni leo tu, daktari. Kitu akikipenda anaganda nacho."

"Mtoto mwenye tatizo unalolisema hawezi kukaa hivi." Akavaa miwani, akaandika maneno machache. "Mama, labda wewe ndiye umechoka. Kazi, nyumba, mambo mengi. Jaribu kupumzika."

"Kuchoka nimechoka," mama alisema. "Lakini sikuja kupimwa mimi."

Daktari alitabasamu kama mtu aliyesikia mzaha, akamwita mgonjwa mwingine.

Walipofika kwenye korido, Chiriku alifunguka kama maji ya bomba. Mbavu ni nyingi kuliko vidole, mifupa haina pua, kwa nini haina pua, je, samaki wana magoti? Alizunguka nguzo, akarudi kinyumenyume, akaingiza mguu kwenye ndoo ya mfanya usafi, na maji ya sabuni yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya watu waliokaa foleni. Mama alimvuta mkono kwa nguvu ambayo hakuikusudia.

"Kwa nini hukufanya haya mle ndani?" alisema. "Ungepungukiwa nini kama ungefanya haya mle ndani?"

Mtoto alimtazama. "Si uliniambia nikae vizuri, mama? Nilikaa vizuri. Nilijitahidi mpaka tumbo likaniuma."

Mama aliketi kwenye benchi, maji ya sabuni yakipita chini ya miguu yake. Hakuwa na hasira na mtoto tena. Hasira ilibaki, ila sasa haikuwa na pa kwenda.

Baada ya hapo hakulizungumzia jambo hilo nyumbani, na mama mkwe akachukulia kwamba ameshinda. Ikapita miezi. Jumamosi moja baba alitoka na Chiriku kwenda kununua brashi. Walirudi mapema, mtoto amebebwa begani, goti linatoka damu, na baba akagonga mlango kwa mguu.

"Nilikuwa nimemshika mkono," alimwambia mkewe walipokwisha kumwosha mtoto goti. "Nilimshika kabisa. Kulikuwa na kizibo cha chupa kinabiringika barabarani. Nikahisi mkono wangu mtupu. Kijana wa pikipiki alimkwepa, akaanguka na trei zake za mayai. Chiriku naye akaangukia goti. Kijana mzima, namshukuru Mungu. Barabara nzima ute."

Akasuuza kitambaa chenye damu.

"Nikamuuliza Chiriku, kwa nini umekimbia? Akasema, baba, sikujua kama nimeshaanza kukimbia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hilo jibu nalijua. Utotoni nilikuwa nampa mama hilohilo, na yeye ananiongezea fimbo kwa kumdanganya. Turudi hospitali. Safari hii nakwenda na mimi."

Walirudi. Yule mzee wa miwani alikuwa amehamishwa, na faili la Chiriku halikuonekana. Aliyekuwepo alikuwa daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya mtu aliyeamka mapema mno. Mama akaanza upya: mtihani, sweta, chumvi. Alijisikia kama anaimba wimbo aliouchoka. Lakini huyu hakumtazama mtoto kwa dakika chache akatoa hukumu. Aliwauliza Chiriku alivyokuwa kabla ya kuanza shule, alimpigia mwalimu simu mbele yao, akawaita warudi tena, na mara ile ya pili alimgeukia baba.

"Na wewe ulikuwaje, ulipokuwa na umri wake?"

Baba, ambaye huongea kama analipia kila neno, aliongea mpaka mkewe akabaki anamtazama kama mgeni.

Mwishoni daktari aliliita tatizo kwa jina lake: upungufu wa umakini, pamoja na mwili usiotulia. Alisema amezaliwa nalo. Si malezi mabaya wala ukaidi, na watoto wengi wa aina hii huweza kukaa kimya mahali pageni, hasa wakipata kitu kinachowavutia.

Mama alikuwa amejiandaa kulia kwa nafuu. Kilichokuja ni ghadhabu. "Haya ningeweza kuambiwa mwaka jana."

"Mwaka jana sikuwepo, mama."

"Najua. Lakini wewe ndiye uliyepo leo, ndiyo maana nakuambia wewe."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Akaandika dawa. Kwenye dirisha la dawa wakaambiwa imekwisha, na haijulikani itakuja lini.

Jioni baba alimweleza mama yake mwenyewe, wamekaa wawili sebuleni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi wa siku hizi kila kitu mnakipa ugonjwa," alisema.

"Sawa, mama. Ila asipigwe tena."

Bibi hakukubali wala hakukataa. Alimwita Chiriku aje amkune mgongo, na Chiriku akaja, akakuna mara mbili, akaondoka.

Jumatatu mama alikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla ya kengele. Alimweleza yote, akaomba mambo mawili: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, na aruhusiwe kuinuka akishindwa kukaa.

"Darasa lina watoto wengi," mwalimu alisema. "Nikimruhusu mmoja, wote watainuka. Na hilo jina la hospitali litamsaidia nini?"

"Halitamsaidia kitu usipomsogeza mbele."

Mwalimu alitazama saa. "Nitafikiria."

"Fikiria," mama alisema, akaweka mkoba begani. "Kesho nitakuja kuuliza umefikiria nini."