Pyeong Mbili Chini ya Mitungi

Sikuwahi kumchukia mtu kwa sababu ya ndoo ya maji, mpaka asubuhi ile Bibi Ok-bun alipopanda kwenye paa lake kuosha mitungi.

"Bibi, we! Rangi mbichi hiyo!" nilimpigia kelele kutoka upande niliokuwa napaka rangi ya kuzuia maji. "Ukimwaga maji hapo nakutupa chini wewe na mitungi yako!"

"Nitupe basi, nipumzike," akajibu, akamwaga vilevile. Mitungi kumi na minne ya mchuzi wa soya, anaiosha kila siku kama vile inakwenda harusini.

Nikasubiri maji yatiririke hadi kwenye rangi yangu. Hayakuja. Tak, fundi mwenzangu, kijana wa miaka kumi na tisa, akasimama na rola mkononi.

"Dada Maeng, yale maji yamekwenda wapi?"

Kabla sijamjibu, tukasikia mashine ya Gil-su inalia chini.

Gil-su ndiye mtoto pekee wa bibi. Ana miaka arobaini na nane, na tangu alipoanguka kazini hapumui bila ile mashine. Tulishuka mbio, tukakuta maji yakidondoka juu ya mashine kutoka kwenye dari. Tak akaikinga kwa mgongo wake, mimi nikaifuta kwa fulana yangu mpaka mlio ukanyamaza. Gil-su hawezi kusema, ila macho yake yalisema yote. Chumba ni kidogo, hakuna pa kuisogeza mashine, na kitanda chake hakipiti mlangoni. Na hiyo ilikuwa ndoo moja tu. Redio ilishatangaza kwamba mvua kubwa za mwaka zingeanza Busan usiku uleule.

Tukarudi juu, tukaihamisha mitungi. Chini yake palikuwa na ufa ambao kidole changu cha mwisho kilizama mpaka kwenye pete. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hawakusema ufanyeje ukifichwa ufa wenyewe.

"Ulijua?" nikamuuliza bibi.

Akainamisha kichwa. "Ungeongeza bei. Nilikuwa na won milioni moja na laki nne, basi. Nikasema rangi ikipakwa kote, labda maji yatakosa njia."

"Labda! Bibi, mwanao alitaka kufa hapa kwa labda yako!"

Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Lakini moyoni nilijua anayepaswa kufokewa ni nani. Paa lile ni pyeong ishirini na mbili, na pyeong moja ya Kikorea ni kama mita tatu za mraba na kidogo. Ndoo moja ya rangi nzito, ile ya tabaka la kati, inatosha pyeong nne, ukitaka izuie maji kweli. Bibi alisema mitungi isiguswe, nikatoa pyeong mbili, zikabaki ishirini, nikaandika ndoo tano. Miguu ya kuta zinazozunguka paa nikasema itapata makombo. Na ile ziada ya sehemu moja ya kumi, ambayo nikimkuta fundi hajaiweka namtukana mchana kutwa, niliifuta kwa mkono wangu, kwa sababu bibi alinishika kiganja akasema, "Nikatie bei kidogo, mwanangu," na mimi roho ikaniuma. Paa lilitaka ndoo saba. Nilileta tano, na tatu zilikuwa zimeshapakwa.

Nikapigia maduka manne. Mji mzima ulikuwa unaziba mapaa. "Hakuna mpaka Jumatatu, dada," wote wananiambia. Jumatatu! Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya bandari.

Tak akanisogelea, akanong'ona. "Tuizimue. Thina ipo, mikebe miwili. Itaenea paa lote, kijani safi. Nani atajua?"

"Mvua itajua."

"Si leo. Leo itaonekana nzuri."

Sitasema uongo: nilifungua mkebe. Nilikuwa nimechoka, nimeaibika, nataka tu kushuka pale na paa limekuwa la kijani kote. Nikauinamisha juu ya ndoo. Harufu ikanipanda puani, nikasikia mashine ya Gil-su inapumua chini ya miguu yangu, nikaufunga.

"Inatosha wapi, ikiwa nzito?" bibi akauliza. Alikuwa ametuona.

"Hapa kwenye ufa, juu ya Gil-su yote, na miguu ya kuta za upande wake. Chumbani kwako haifiki."

"Kwangu acha wazi."

"Bibi, dari yako mbovu. Itavuja kama chujio."

"Mimi natembea, mwanangu. Nitahama na godoro."

Tukakausha ufa kwa moto wa gesi, tukaujaza, tukapaka. Ndoo ya mwisho tuliikwangua kwa sahani. Tulipomaliza, zilibaki pyeong nne za zege tupu juu ya kitanda cha bibi, nami nilishuka ngazi bila kumwangalia usoni.

Mvua ilipiga usiku kucha. Alfajiri nikaenda mbio. Kwa Gil-su dari ilikuwa kavu, nikaipapasa kila pembe kama mwendawazimu. Yeye alikuwa amelala.

Bibi nilimkuta chumbani kwake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwavuli kichwani, katikati ya mitungi tuliyoishusha. Mmoja aliumwaga soya yake ili ukinge maji. Ulikuwa umejaa hadi shingoni. Midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi.

Nikalia, sioni haya kusema. Kisha nikatoa daftari. "Jumatatu naleta ndoo zilizobaki, bibi. Hizi ni juu yangu."

"Andika bei."

"Bibi, sitaki..."

"Huruma yako ya kwanza ndiyo hii hapa," akasema, akaugonga ule mtungi kwa kifundo cha kidole. "Andika kuta, andika chini ya mitungi, na ile ziada yako. Nitalipa kidogo kidogo. Ila usinikatie tena."